Damu na Malezi: Mtoto Anarithi Nini Hasa?



Katika lugha yetu kuna methali mbili ambazo hazipatani hata kidogo. Moja husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine husema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mtu yule yule huzitumia zote mbili, kutegemea siku. Kijana wa jirani akiiba kuku, huyo ni nyoka aliyezaliwa na nyoka. Kijana wetu akifaulu mtihani, basi sisi tulimlea vizuri!

Tungecheka tuishie hapo, lakini maneno haya yana madhara. Kuna wasichana ambao uchumba wao umevunjwa kwa sababu babu alikuwa mlevi, ati damu ile si nzuri. Kuna watoto walionyimwa karo kwa kuwa mama hakupita darasa la nne, ikasemwa kichwa ni kile kile. Kuna akina mama waliorudishwa kwao na watoto wagonjwa, wakaambiwa wameleta ugonjwa katika boma la watu. Haya ni maamuzi ya watu wazima, tena kwenye kikao, wakiamini kwamba wanajua urithi unavyofanya kazi. Kwa hiyo tumeona tulifanyie somo zima. Lisomeni kwa sauti kikundini, kipande kwa kipande, na mkatishe popote mnapotaka kubishana.

Jeni ni kitu gani?

Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo sana, na ndani ya karibu kila chembe mmewekwa maagizo tuliyoyarithi. Agizo moja huitwa jeni. Binadamu ana jeni kama 20,000, nazo zimepangwa juu ya nyuzi 46 ziitwazo kromosomu. Nyuzi 23 zilitoka kwa baba na 23 kwa mama. Kila mimba inapotungwa huwa ni kama karata zimechanganywa upya. Mgao wa kifungua mimba si mgao wa kitinda mimba. Ndiyo maana watoto wa tumbo moja hutofautiana, mmoja mpole na mwingine moto. Mapacha wa kufanana peke yao, waliotokana na yai moja lililogawanyika, ndio wenye mgao mmoja.

Sasa shikeni jambo hili: jeni si tabia. Kazi ya jeni kwa kawaida ni kuagiza kitu kidogo mno kitengenezwe mwilini, kama vile protini ya kubeba hewa katika damu, au ya kusaga chakula, au ya kupitisha habari ubongoni. Kutoka kitu hicho kidogo hadi mtu mzima anayeamka usiku kwenda kuvunja duka la mwenzake ni safari ndefu sana. Safari hiyo ndiyo tunayoiita ukuaji, na haianzi siku ya kuzaliwa. Inaanza tumboni.

Gorogoro moja, mashamba mawili

Hebu chukueni gorogoro moja ya mahindi ya kienyeji yaliyochanganyika, meupe, ya manjano, ya zambarau. Yagawe mara mbili bila kuchagua. Nusu ipandwe penye mboji na maji, nusu ipandwe kwenye mteremko uliochoka. Ndani ya shamba zuri mimea itapishana urefu, na kwa kuwa udongo ni mmoja, kupishana huko kumetokana na mbegu. Ndani ya shamba baya ni vivyo hivyo. Lakini ukisimama njiani ukalinganisha shamba na shamba, tofauti unayoiona ni ya udongo, maana mbegu zilitoka gorogoro moja.

Kwa hiyo mtu akiuliza, "Mahindi haya ni mafupi kwa ajili ya mbegu au udongo?" mwulizeni kwanza anayalinganisha na yapi.

Tunasema hivi kwa sababu kuna hesabu ambayo watu huisikia wakaielewa vibaya. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya pamoja uchunguzi wa mapacha wa miaka 50, jozi zaidi ya milioni 14. Waliona kwamba, kwa wastani, karibu asilimia 49 ya tofauti kati ya watu huendana na tofauti za jeni zao. Watu wakasema, "Basi nusu yangu ni damu na nusu ni malezi." Sivyo kabisa. Hesabu hiyo inahusu tofauti kati ya watu wengi wanaoishi mahali fulani, haimgawi mtu mmoja vipande viwili. Ugali ukishaiva, nani ataonyesha sehemu ya unga na sehemu ya moto? Tena wengi wa mapacha hao walitoka nchi tajiri, ambako watoto wengi hushiba na kwenda shule, yaani shamba zuri. Udongo ukiwa mzuri kwa wote, mbegu ndiyo itakayoonekana kuleta tofauti. Msichukue hesabu ya shamba lile mkampimia nayo mtoto anayelala njaa.

Wenye mizinga wanajua

Vikundi vinavyofuga nyuki vina mwalimu nyumbani. Malkia na nyuki wafanyakazi hutokana na mayai ya aina moja. Hakuna yai la malkia na yai la kibarua. Yai likianguliwa, mabuu yote hulishwa mwanzoni ule uji mweupe ambao nyuki wachanga huutoa kichwani mwao. Baada ya siku chache, mabuu ya vibarua huhamishiwa chakula kilichochanganywa na asali na chavua. Buu lililochaguliwa kuwa malkia huendelea na ule uji, tena kwa wingi, ndani ya chumba kikubwa kilichojengwa kwa ajili yake.

Tazameni matokeo yake. Malkia anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku moja, na huishi miaka. Kibarua wa msimu wa kazi huishi wiki chache tu. Na si mwili peke yake: malkia hajui kutafuta maua, halindi mlango, hajengi sega. Kibarua hujua yote hayo. Jeni zilezile, tabia mbili.

Mwaka 2008 wataalamu wa Australia walionyesha njia mojawapo ya jambo hili. Juu ya jeni huwekwa alama ndogo ndogo zinazosaidia kuamua ipi isomwe na ipi ifunikwe. Walipozuia uwekaji wa alama hizo katika mabuu, wengi wao walitoka na umbo la malkia. Inaonekana basi kwamba chakula cha nyuki hufanya sehemu ya kazi yake kupitia alama hizo.

Na binadamu je? Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita, sehemu ya Uholanzi ilifungiwa chakula watu wakafa njaa. Miongo sita baadaye walipimwa watu ambao mimba zao zilitungwa katika miezi ile, wakalinganishwa na ndugu zao wa tumbo moja ambao hawakupatwa na njaa hiyo. Alama juu ya jeni moja inayohusika na ukuaji zilikuwa tofauti. Miaka 60, na njaa ya mama bado imeandikwa!

Lakini tahadharini. Mtu si nyuki, na hakuna uji wa kumfanya mtoto malkia. Akija mchuuzi sokoni na poda ya "kuongeza akili za mtoto", mwacheni aende zake na poda yake.

Mama wa watoto wawili wa Norway

Mwaka 1934 mama mmoja nchini Norway alikuwa na watoto wawili ambao akili zao hazikukua. Alikuwa amezunguka kwa madaktari wengi, akieleza kwamba mkojo wa watoto wale una harufu ngeni, wala hakuna aliyemsaidia. Hatimaye Dk. Asbjørn Følling aliupima, akakuta kitu ambacho hakikupaswa kuwamo. Watoto walikuwa wamerithi, kutoka kwa baba na pia kwa mama, jeni yenye kasoro. Kwa ajili yake mwili ulishindwa kushughulikia sehemu moja ya protini ya chakula, ikarundikana na kuharibu ubongo.

Ugonjwa wa damu kabisa, au siyo? Mzee yeyote angesema hapo hakuna la kufanya. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari wa Birmingham, Uingereza, walitengeneza chakula kilichopunguzwa ile sehemu, na mtoto waliyemlisha akapata nafuu. Baadaye ilijulikana kwamba mtoto akianza chakula hicho katika wiki zake za kwanza, akili yake inaweza kukua vizuri. Jeni yake haikuguswa, ni ile ile hadi leo. Kilichobadilika ni sahani.

Kinyume chake pia ni kweli. Mtoto anaweza kutungwa na jeni zisizo na kasoro yoyote, lakini mama akikosa iodini wakati wa mimba, ubongo wa mtoto hurudi nyuma. Hapo atasemwa ni mjinga kama ukoo wake, kumbe ni chumvi. Akina mama, someni pakiti kabla ya kulipa.

Wizi na ulevi

Hakuna jeni ya wizi. Fikirini kidogo. Kuna jamii ambazo kijana aliyeleta ng'ombe wa kabila lingine aliimbiwa na wasichana. Mjukuu wake akifanya vivyo hivyo leo anafungwa jela. Damu ilibadilika? La, hukumu ya watu ndiyo iliyobadilika. Kinachoweza kurithiwa ni mielekeo: wepesi wa hasira, woga, hamu ya kujaribu mambo ya hatari. Mielekeo hiyo huelekea wapi, ni jambo la ukuaji. Kijana asiyeogopa anaweza kuwa mwizi wa mabavu, na anaweza pia kuwa yule anayeingia kwenye nyumba inayoungua kutoa mtoto wa mwenzake.

Ulevi ni tofauti kidogo, hatutaki kuwadanganya. Hatari ya kunaswa na pombe hurithiwa kwa kiasi. Uchunguzi wa mapacha huifikisha karibu nusu ya tofauti kati ya watu. Kwa hiyo mtoto wa mlevi ana sababu ya kujihadhari kuliko mwenzake. Lakini sikieni ya Japani. Huko watu wengi wana jeni inayofanya pombe iwachome: uso huwa mwekundu, moyo hudunda, kichefuchefu huja. Jeni hiyo huwakinga, wengi wao hunywa kidogo au hawanywi. Mwaka 1979, kati ya walevi waliokuwa wakitibiwa huko, wenye jeni hiyo walikuwa asilimia 2.5 tu. Mwaka 1992 walikuwa asilimia 13. Katika miaka 13 jeni za taifa zima haziwezi kugeuka. Pombe ilizidi, na desturi ya kunywa pamoja ikawashinda hata waliokingwa na damu yao. Wale wanaosema kilabu kilichofunguliwa karibu na shule hakina neno kwa sababu "mlevi huzaliwa", wajibu hapo.

Watoto wa Romania, na nyanya wa Wahadzabe

Serikali ya Romania ilipoanguka mwaka 1989, dunia iliona makao ya watoto yaliyojaa. Walilishwa na kuvikwa, lakini mlezi mmoja alikuwa na watoto wengi mno, na hapakuwa na wa kuwabeba wala kusema nao. Kuanzia mwaka 2001 wataalamu walifuatilia watoto 136 wa makao hayo mjini Bucharest. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kulelewa katika familia. Waliokwenda kwenye familia walikua na akili zaidi kuliko waliobaki, hasa wale waliotoka kabla ya kutimiza miaka miwili. Hakuna anayeweza kusema waliobaki walikuwa na damu mbaya. Ilikuwa ni kura!

Vikundi vinavyojadili kama vijenge nyumba ya mayatima au visaidie shangazi na nyanya kuwalea nyumbani, tungependa muuzungumze mfano huu kabla ya kununua mawe.

Kwa nini mtoto wa binadamu ahitaji watu kiasi hiki? Ndama husimama siku ile ile. Wetu hubebwa miaka. Baadhi ya wataalamu wanaona jibu limo katika namna mababu zetu walivyoishi. Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes na wenzake walikaa na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, ambao huishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Waliona wanawake wazee wakichimba kwa bidii kuliko hata vijana, na mama akipata mtoto mchanga, ni nyanya aliyeshibisha wale wakubwa. Wakafikiri kwamba kwa maelfu ya vizazi, nyanya wenye nguvu waliokoa wajukuu, na wajukuu wakarithi ule uzima wa miaka mingi, na utoto ukapata nafasi ya kuwa mrefu. Si wataalamu wote wanaokubali, lakini hoja ina nguvu.

Desturi nayo hugeuza damu

Hapa tunafika mahali ambapo wengi hushangaa. Tumezoea kufikiri jeni hutangulia, desturi hufuata. Mara nyingine ni kinyume.

Sukari ya maziwa huhitaji kitu maalumu tumboni ili isagwe. Kwa kawaida wanyama wanyonyeshao hupunguza sana kukitengeneza wakishaachishwa ziwa, na watu wengi duniani ni hivyo pia. Wakinywa maziwa mabichi mengi tumbo huwaunguruma. Wafugaji walifika karibu na Ziwa Turkana kama miaka 5,000 iliyopita. Tangu hapo, mtu ambaye kwa bahati alikuwa na badiliko dogo la kumwezesha kunywa maziwa ukubwani alipona ukame vizuri zaidi, akaacha watoto wengi, nao wakalirithi. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, walitangaza mabadiliko kama hayo kati ya wafugaji wetu, na si lile la Wazungu. Ng'ombe alikuja kwanza, damu ikamfuata. Na wale ambao damu haikuwafuata walitumia akili: maziwa lala na mursik huwa na sukari kidogo, kwa sababu vijidudu vya kugandisha huila.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyekulia Kenya, alipima damu za watu nchini. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walikuwa na jeni ya selimundu, ambayo wengi huiita siko seli. Sehemu za juu zenye baridi hawakufika hata mmoja kati ya 100. Akaona kwamba ramani ile ni ramani ya malaria, na mwaka 1954 akaonyesha kwamba mtu aliyepata jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Ndiyo sababu jeni hiyo haikwisha. Na wataalamu wengi wanaona kwamba kilimo cha mababu, kwa kufyeka misitu na kuacha maji yakituama karibu na nyumba, ndicho kilichowazidisha mbu wale.

Aliyeipata kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu, huziba mishipa, maumivu huja, damu hupungua. Sikilizeni vizuri, akina baba: mtoto hawezi kuwa na ugonjwa huu wa seli zote mbili za mundu isipokuwa baba amechangia sawasawa na mama. Wote wawili wanaweza kuwa wazima wa afya. Kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne, na mtoto mgonjwa wa kwanza hamalizi zamu ya wa pili. Hakuna aliyeleta ugonjwa katika boma. Walioleta ni mbu, na mababu wa pande zote mbili waliopona mbu.

Tena si hukumu ya kifo. Kinga ya malaria, dawa ya kuzuia maambukizi utotoni na kliniki ya kila mara huokoa maisha. Dawa iitwayo haidroksiurea ilijaribiwa kwa watoto katika nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwamo, na matokeo yaliyotolewa yakachapishwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, hata malaria na vifo vilipungua.

Ya kujadili na kufanya

Katika kikundi chenu, ni mtoto gani anayeitwa kwa jina la kosa la babu yake, na ni nani aliyeanza kumwita hivyo? Akichelewa shuleni, mmekwisha kupima macho, masikio na minyoo, au mmepima ukoo tu? Wachumba wa eneo lenu wapimwe selimundu kabla ya arusi au la, na wakikutwa wote wanayo, ni nani atakayekaa nao kuwaeleza maana ya moja kati ya nne bila kuwavunjia nyumba?

Kabla ya mkutano ujao, katibu aende hospitali iliyo karibu aulize kama kipimo cha selimundu kinapatikana, siku gani, na kwa shilingi ngapi. Aandike jibu kwenye kitabu cha kikundi.